Somo: Kusimulia utumwa kwenye kituo cha kumbukumbu bila kutia chumvi

Somo hili ni la wasimamizi wa vituo na waongoza watalii wa pwani yetu: Mkunazini, Mangapwani, Bagamoyo, Kilwa, Frere Town. Mifano mingi tumeichukua Mkunazini, Unguja, kwa kuwa ndiko kunakosemwa mengi. Anzeni na kazi ya mezani. Bango likishapigwa ukutani, kulibandua ni kazi ya miaka.

Hatua ya 1: Andika kila linalosemwa

Fuata ziara tano za waongozaji tofauti, bila kuingilia. Andika kila sentensi yenye mwaka, idadi, jina la mtu au matumizi ya chumba. Rudi ofisini uzipange katika safu nne: dai lenyewe, nani kalisema, kalitoa wapi, na daraja lake.

Madaraja ni matatu. *Hati* ni dai lenye mkataba, barua, picha ya wakati ule au kitu chenyewe. *Simulizi* ni dai lililopokewa kwa mdomo, halina karatasi ila lina wenyewe. *Hewani* ni dai ambalo kila mwongozaji kalisikia kwa mwongozaji mwenzake, na ukifuata nyuma huoni chanzo.

Tuyapime matatu ya Mkunazini.

"Hapa palikuwa soko la watumwa." Hati. Soko lilifungwa kwa mkataba wa Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na Waingereza wa 5 Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana likawekwa papo hapo.

"Madhabahu ipo ulipokuwa mti wa kuchapia watu." Simulizi. Duara la marumaru pale mbele linaashiria hivyo, na hakuna ubaya kulionyesha. Tanguliza neno moja tu: *inasimuliwa*.

"Vyumba hivi vya chini ndimo walimofungiwa kabla ya mnada." Hapa ndipo penye tatizo. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni liwe hospitali, baada ya soko kufungwa. Wanahistoria kadhaa wanaona vilikuwa stoo ya hospitali. Anayeshikilia kwamba chini ni kukongwe kuliko juu, alete ushahidi wa ujenzi. Kabla ya hapo dai ni la hewani, hata kama ndilo linalouza tikiti.

Vyumba msivifunge. Badilisheni sentensi. Mwongozaji aseme hivi: "Soko lilikuwa kwenye kiwanja hiki. Vyumba hivi viko chini ya hospitali ya misheni iliyojengwa baadaye, na wengi wamezoea kuvitaja kama mahabusi ya watumwa. Tunaingia mkaone dari ilivyo chini na hewa ilivyo ndogo, na nje nitawaonyesha tunachokijua kwa hakika." Tumeiweka nzima kwa sababu waongozaji wengi hukwama hapa: wanadhani uchaguzi ni kati ya uwongo na kufunga mlango.

Kwa nini tunakaza hivi? Mgeni akisoma mtandaoni usiku ule kwamba chumba ni cha hospitali, hasemi "chumba kile si chenyewe." Anasema "wale watu wanatunga." Na wapo wanaosubiri kwa hamu kusikia kwamba utumwa wa Zanzibar ni utunzi. Msiwape fimbo.

Mangapwani, kaskazini mwa mji, makosa ni ya aina nyingine. Kuna pango la asili la matumbawe na kuna chumba kilichochimbwa, ni sehemu mbili tofauti na zinachanganywa. Chumba kilichochimbwa husimuliwa kuwa ni cha baada ya 1873, biashara ilipoingia mafichoni. Ukisema "waliwekwa hapa wakingoja kupelekwa sokoni Mkunazini", umelifungua tena soko ambalo mkataba ulishalifunga.

Hatua ya 2: Panga miaka

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni "utumwa ulifutwa 1873." Mwaka ule kilichopigwa marufuku ni kusafirisha watu kwa bahari na kuwauza sokoni. Mtu aliyekuwa shambani Pemba aliamka kesho yake akiwa mtumwa vilevile. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na hata hapo mtu alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, huku bwana akilipwa fidia. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907, Tanganyika 1922.

Miaka hii mitano ibandikwe chumba cha waongozaji, wala haihitajiki mingine mingi.

Hatua ya 3: Chagua maneno

Usiseme "watumwa walikamatwa bara." Waliokamatwa walikuwa wakulima, wahunzi, watoto wa watu, utumwa walitiwa baadaye. Sema "watu waliotiwa utumwani". Neno *mtumwa* lenyewe msilifute, hati zimejaa neno hilo.

Kiswahili kinakupa zaidi ya hapo, na mgeni wa ndani hushtuka akigundua maneno anayotumia kila siku yametoka wapi. *Mjinga* aliitwa mtumwa mgeni, aliyefika karibuni toka bara, hajui lugha wala desturi za mji. *Mzalia* ni aliyezaliwa utumwani hapa pwani, na hadhi yake ilikuwa juu kidogo. *Kibarua* kimetokana na barua ndogo, cheti cha kazi: mtumwa alikodishwa kwa kutwa na ujira akagawana na bwana wake. *Mtoro* ni aliyekimbia, na watoro walianzisha makazi yao, kama Fuladoyo nyuma ya Malindi. *Suria* ni mwanamke wa utumwani aliyewekwa nyumbani na bwana, na watoto wake kwa bwana huyo walikuwa huru. Barghash mwenyewe, wa mkataba wa 1873, alizaliwa na suria wa Kihabeshi.

Sentensi hiyo moja inafanya kazi kuliko bango zima. Inaonyesha kuwa mstari kati ya mtumwa na mtawala ulipita ndani ya nyumba.

Bagamoyo jihadharini na neno *mpagazi*. Si kila aliyebeba pembe ya ndovu alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa njia ndefu, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliolipwa ujira, nao walijua kugoma. Ukiwavisha wote minyororo umewanyang'anya kazi yao.

Hatua ya 4: Fuata faida ilikokwenda

"Waarabu waliwauza Waafrika" ni fupi, inakaa kichwani, na inaacha nje karibu kila kitu. Chora mnyororo wa faida ukutani ofisini. Kuna machifu na watekaji wa bara. Kuna wenye misafara kama Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja aliyeacha maisha yake kwa maandishi ya Kiswahili. Kuna wakopeshaji wa Kihindi. Ushuru wa forodha ya Zanzibar ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Jairam Shivji kwa miaka mingi. Kuna wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, Waarabu na Waswahili. Kuna Wafaransa: mwaka 1776 mfanyabiashara Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa apewe watu 1,000 kwa mwaka wa kupeleka mashamba ya Mauritius. Wamarekani wa Salem walikuwa na mkataba wa biashara na Seyyid Said, baba yake Barghash, tangu 1833, walileta kitambaa cha merikani, na pembe zilizopita hapa ziliishia Connecticut kuwa vitufe vya piano.

Uingereza ipewe pande zake zote mbili. Meli ya kivita ya HMS London ilitia nanga Zanzibar kuanzia 1874 hadi 1883 ikiwinda majahazi ya watumwa, na wakati huohuo pembe na karafuu zilikuwa na wateja London.

Kanuni yetu: kila kundi lipate walau sentensi moja, na lisiwepo linalochukua zaidi ya theluthi ya ziara. Hii inawahusu pia wamisheni. Kwenye makanisa, Livingstone na Askofu Steere humaliza muda wote, na waliosimama mnadani hubaki kivuli tu.

Hatua ya 5: Chumba, mnyororo, kamera

Chumba chenye dari fupi kiingie watu 8 kwa mara moja, dakika 5, na maelezo yatolewe juu ya ngazi kabla ya kushuka. Mwenye pumu au hofu ya kubanwa abaki nje, aelezwe yaleyale. Taa haizimwi kumwonyesha mgeni "walivyohisi". Hatahisi, ataogopa giza, basi.

Mgeni havishwi mnyororo shingoni, hata akilipia. Wa kuigiza uandikwe *mfano*. Sanamu tano zilizo shimoni Mkunazini, za msanii Clara Sörnäs, hupigwa picha kutoka ukingoni. Hakuna kushuka kukumbatiana nazo.

Hatua ya 6: Mabango

Kiswahili juu, Kiingereza chini. Maneno yasizidi 70 kwa lugha, katikati ya bango pawe mita 1.45 kutoka sakafuni, na pembeni neno dogo: *Hati* au *Simulizi*. Kuta za matumbawe hutoka jasho la chumvi, kwa hiyo acheni nafasi ya sentimita 2 au 3 nyuma ya bango. Toboeni kwenye chokaa ya maungio, msitoboe jiwe. Karatasi nyuma ya kioo itaota ukungu masika ya kwanza.

Hatua ya 7: Bakshishi

Hapa ndipo masomo mengi hufa. Mwongozaji anayeishi kwa bakshishi hujifunza haraka kwamba damu nyingi huleta noti kubwa. Ukimpa mafunzo ya siku mbili bila kugusa malipo, wiki ya tatu karudi kulekule. Mlipeni kiwango maalumu kwa kila ziara, kitoke kwenye kiingilio, na bakshishi iingie chungu kimoja, igawanywe mwisho wa wiki. Kila miezi sita rudieni hatua ya 1 kwa ziara mbili tu.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, shikamooni. Tukisema vyumba ni vya hospitali, mapato si yatashuka?*

Marahaba. Hamfuti kituo, mnahamisha uzito. Mwanzo wa ziara uwe kiwanjani palipokuwa soko, vyumba vije katikati, mwisho uwe kwenye mnara wa sanamu. Mgeni analipa kuona mahali, na mahali ni pa kweli.

*Wageni wananiuliza kila siku: walipita watu wangapi? Nitaje ngapi?*

Usitaje jumla moja. Daftari za forodha zilihesabu waliolipiwa ushuru, waliopitishwa kwa magendo hawamo, na wanahistoria wanapishana sana. Taja namba yenye karatasi yake, kama watu 1,000 kwa mwaka wa mkataba wa Kilwa, kisha ongeza kwamba hiyo ni ahadi ya mkataba, si hesabu ya waliofika.

*Bagamoyo ni "bwaga moyo" ya mtumwa aliyekata tamaa?*

Zipo tafsiri mbili: ya mateka anayeacha moyo wake ufukweni, na ya mpagazi aliyefika, anabwaga mzigo na moyo unatulia. Zote ni simulizi. Toa zote mbili, mgeni apime. Ya kwanza peke yake ndiyo huchapwa kwenye fulana.

*Nina kundi la wanafunzi, wengine wana majina ya Kiarabu. Wenzao walianza kuwanyooshea vidole. Nifanye nini, mwalimu?*

Simamisha ziara papo hapo, usiache hadi mwisho. Rudi hatua ya 4 na umtaje mama yake Barghash, wa hatua ya 3. Waulize: mtoto wa suria na bwana, wewe ungemnyooshea kidole kwa upande upi? Wanafunzi wa darasa la tano na madarasa ya chini yake, chumba kikiwa na hewa finyu kiasi hicho, msiwashushe. Kiwanja na mnara vinawatosha.

*Tumepata hati yenye jina la mtumwa, na ukoo wake upo mtaani hadi leo. Tuitundike?*

Msitundike kwanza. Nendeni kwa wazee wa ukoo, watu wawili tu, bila kamera, mkiwa na nakala ya hati. Wakikataa jina, onesheni hati jina likiwa limefunikwa. Wakikubali, waulizeni wanataka liandikwe vipi, maana mara nyingi jina la kwenye hati alilipewa na bwana, na nyumbani wanamjua kwa jingine.

*Mnyororo wetu wa asili unamomonyoka kutu. Tupake mafuta ya gari?*

Hapana. Mafuta hunasa vumbi na chumvi. Futa kwa brashi laini kavu, usioshe kwa maji, weka kwenye kabati la kioo lililozibwa pamoja na vifuko vya silika, na uvibadilishe vikishiba unyevu. Kutu ikianza kuanguka vipande, usiuguse tena. Itafute idara ya makumbusho.