Dirisha la usiku na kufuli la pwani
Jamani, mnaokaa nyumba za chini hapa Mombasa, nawaomba mwangalie madirisha yenu. Msimu wa kaskazi joto halilaliki, kila mtu anaacha dirisha wazi, na mwizi hana haja ya kuingia. Anapitisha kijiti chenye ndoana kati ya vyuma, anavuta suruali, mkoba, hata simu iliyo kwenye chaji. Pigilia wavu wa chuma wenye matundu madogo: upepo unapita, kijiti hakipiti. Na funguo zisitundikwe karibu na dirisha kabisa.

Halafu kuna chumvi ya bahari. Kufuli la chuma huku kwetu linaliwa na kutu upesi. Nunua la shaba, ulitie mafuta mara kwa mara. Tazama pia komeo lenyewe. Likiwa limeshikwa na skrubu zinazoonekana kwa nje, bisibisi tu inatosha kulifungua, hata kufuli liwe la bei gani. Mwite fundi alichomelee.

Taa ya mlangoni iwake. Ukisafiri, mwachie habari jirani unayemwamini. Ukisikia kishindo usiku, usitoke peke yako: piga kelele, waamshe majirani, piga 999.