Kuchambua DNA ya malaria kwenye klasta ya chuo: uombe RAM kiasi gani?

Juzi mwanafunzi wa shahada ya uzamili alinijia analalamika kwamba kazi yake haitoki kwenye foleni ya klasta, yaani kompyuta nyingi za chuo zilizounganishwa. Nikaangalia: kaomba GB 128 za RAM. Anachambua Plasmodium falciparum, kimelea ambacho jenomu yake yote ina herufi kama milioni 23 tu. Ya binadamu ina bilioni 3. Klasta yetu inatumiwa na kila mtu, anayechunguza samaki na anayechunguza mihogo, na mashine zenye RAM kubwa hivyo ni za kuhesabu. Lazima angesubiri.

Nachukulia kwamba akaunti unayo, ssh unaijua, na klasta yenu inaendeshwa na Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi.

1. Hamisha data

`rsync -avP data/ jina@seva:/scratch/jina/malaria/`

Umeme au intaneti ikikatika, rudia amri ileile, itaendelea ilipoishia. Mambo ya kuburuta mafaili kwa kipanya waachie wenye faili moja la Excel. Ukimaliza, hakiki kwa `md5sum -c md5.txt` ukitumia lile faili la md5 ulilopewa na maabara iliyosoma sampuli. Kila mstari useme OK. Mafaili ya `.gz` usiyafumue, bwa, programu ya kulinganisha vipande vya DNA na jenomu, inayasoma hivyohivyo. Ukiyafumua unajaza diski ya watu bure.

2. Sakinisha bwa na samtools

Samtools ni ya kupanga matokeo ya bwa. Zisakinishe kwa `module load`, au kwa mamba, programu ya kusakinishia programu nyingine. Mimi ni mtu wa mamba. Andika namba za matoleo kwenye daftari lako, maana siku ya kutetea tasnifu utaulizwa. Halafu `bwa index Pf3D7.fasta`, lile faili la jenomu ya rejea.

3. Andika skripti

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo twende taratibu.

```
#!/bin/bash
#SBATCH --job-name=pf01
#SBATCH --cpus-per-task=8
#SBATCH --mem=8G
#SBATCH --time=03:00:00
#SBATCH --output=pf01_%j.log

set -euo pipefail
bwa mem -t 6 Pf3D7.fasta S01_R1.fastq.gz S01_R2.fastq.gz \
  | samtools sort -@ 2 -m 1G -o S01.bam -
samtools index S01.bam
```

Kwanza, ile alama ya `|`. Programu za pande zake mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, hazipokezani. Ukiomba prosesa 8, kisha ukaipa bwa nyuzi 8 (threads, yaani kazi zinazokwenda sambamba) na samtools nyingine 8, zitagombania nafasi zilezile na kazi itajikokota. Ndiyo maana nimegawa 6 na 2.

Pili, `-m` ya samtools sort, yaani kikomo chake cha RAM, ni kwa kila uzi, si jumla. Hii imeua kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichokiona. Mtu anaandika `-@ 8 -m 4G` akidhani ametumia GB 4, kumbe ni 32, na bwa bado hujaihesabu. Slurm inaiua kazi na kuandika OUT_OF_MEMORY. Naye, badala ya kupunguza `-m`, anaongeza `--mem` hadi 64, halafu 128. Huko ndiko zilikotoka zile 128 za mwanafunzi wangu. Usipoandika `-m` kabisa, samtools inachukua MB 768 kwa kila uzi, na kwa jenomu ndogo kama hii zinatosha.

Tatu, usiache `--mem` wazi. Kwenye baadhi ya klasta utapewa kiasi kidogo mno. Kwenye nyingine utachukua RAM ya mashine nzima bila kujua, na wenzako watakutafuta.

Nne, usiufute mstari wa `set -euo pipefail` hata kama huuelewi. Bila huo, bwa ikifa katikati, samtools itapanga kilichokwisha kufika, itaandika BAM (faili la matokeo) pungufu, na Slurm itakwambia COMPLETED. Utaendelea na uchambuzi kwa nusu ya data huku ukishangaa mbona kina cha usomaji ni kidogo.

Sasa utajuaje kiasi sahihi? Pima. Endesha sampuli moja, ile yenye faili kubwa kuliko zote, kisha:

`sacct -j NAMBA --format=JobID,State,Elapsed,MaxRSS,ReqMem`

Usisome mstari wa kwanza, pale MaxRSS (RAM ya juu kabisa iliyotumika) huwa tupu. Soma ule unaoishia na `.batch`. Namba mara nyingi huja kwa K: ukiona 3145728K, gawanya kwa 1024 mara mbili, unapata GB 3. Ila usiombe 3 kamili. Kwa kawaida Slurm hupima kila baada ya sekunde 30, kwa hiyo matumizi yaliyopanda na kushuka katikati yanaweza kuipita. Mimi huongeza theluthi. Hapo ningeomba 4.

Muda nao ni hivyohivyo. Ukiomba siku 7 kwa kazi ya saa 2, utapitwa na walioomba saa 3, kwa sababu Slurm huchomeka kazi fupi kwenye mapengo wakati kazi kubwa zinasubiri. Lakini usibane mno: ukipitiliza muda ulioomba, kazi inakatwa.

4. Tuma

`sbatch pf01.sh`, halafu `squeue -u $USER`. PD inasubiri, R inakwenda. Ikigoma kwa kulalamikia DOS, skripti umeiandika kwenye Windows, pitisha `dos2unix`.

5. Sampuli zilizobaki

Tumia `--array=1-40%5`, na ndani ya skripti uchague jina la sampuli kwa `$SLURM_ARRAY_TASK_ID`. Hiyo `%5` inazuia zisiende zaidi ya tano kwa wakati mmoja. Wengine huiacha. Kwenye klasta ya watu wengi, mimi siiachi.

Kila BAM ipitishe `samtools flagstat`, uone vipande vingapi vimelingana, kisha zihamishe zote kutoka scratch (diski ya kazi ya muda) siku hiyohiyo, kwa sababu kwa kawaida scratch haiwekewi nakala ya akiba.