Mjukuu wa miaka miwili anakuja Mombasa, babu na nyanya mcheze naye nini

Simu ikishapigwa tu kwamba mtoto analetwa na treni Ijumaa, nyumba nzima inapata wazimu, nyanya anafua mapazia yaliyofuliwa juzi, na mimi babu natumwa Markiti kununua vitu ambavyo mtoto mwenyewe hata meno ya kuvila hana. Nishapokea wajukuu watatu kwa zamu, wote wakija na umri huo wa mwaka na nusu mpaka miaka mitatu hivi, na yule wa kwanza nilimharibia siku mbili kwa ujuaji wangu. Nilimpeleka ufukweni Pirates Jumapili saa saba mchana, jua la utosi, watu kama siafu, ngamia akatoa mlio karibu na sikio lake na hapo ndio mchezo ukaisha. Alilia kwenye tuktuk mpaka Kisauni na jioni akalala bila kula. Kesho yake nimekaa zangu uani nanawa miguu, akaja mwenyewe akachukua kopo, akawa ananimwagia maji miguuni, anachota, anamwaga, anachota, anamwaga, karibu saa nzima, mimi vidole vishakunjana na yeye hajachoka.

Hapo ndio nikaelewa kwamba mtoto wa umri huu hana haja ya kutembezwa, ana haja ya kazi, tena ile ile unayofanya wewe. Kwa hivyo pesa za toi wekeni kwanza.

Nianze na maji maana ndio mchezo namba moja na Mombasa joto lenyewe mwalijua. Chukua beseni, tia maji yafike kama vidole vinne, weka kwenye kivuli cha ukuta au chini ya mwembe kama unao. Mtoto mvue nguo, hata hiyo pampasi itoe, ikilowa maji inakuwa nzito kama mfuko wa simenti. Sasa nazi ikivunjwa jikoni usitupe vifuu, chukua kile kipande chenye macho, yale macho matatu, moja huwa laini, litoboe na msumari kisha sugua ukingo wa kifuu kwenye sakafu mpaka usiwe na makali. Mpe. Atachota maji, atainua, ataona uzi mwembamba wa maji unatoka chini, atajaribu kuushika na mkono mwingine, haushikiki, atacheka, atachota tena. Ongeza chujio la chai, kopo tupu, kijiko cha mti, basi. Huyu wa sasa nilimwekea toi ya bata ya dukani pembeni, hata hakuitazama.

Lakini kwa maji hakuna utani. Ukikaa naye kaa naye kweli, usiende kupokea simu ndani ukasema narudi sa hii, mtoto mdogo anazama kwenye maji ya beseni tu na hapigi hata kelele. Mkimaliza mwaga na beseni ligeuze. Na sisi wa Mombasa kila nyumba ina pipa na ndoo za akiba kwa sababu ya mifereji yetu ile ya leo yatoka kesho haitoki, hizo zote zitiwe vifuniko vya kubana kabla mgeni hajafika. Siku hiyo hiyo pandisha juu dawa zenu za presha na sukari, hizi tunaziacha pale pale mezani karibu na miwani na kwa mtoto ni peremende tu zile. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda pia, toa kabisa.

Jikoni ni ufalme wa nyanya, nazungumza kwa ruhusa. Siku ya chapati mtoto apewe donge lake dogo, akae chini kwenye mkeka na kibao chake, asukume na kichupa. Litakuwa jeusi, litaanguka, paka atalilamba, mwache. Mwisho nyanya anaweka kijichapati cha donge jingine safi kwenye chuma na kumwambia hiki ndio chako mume wangu, (kwetu hapa nyanya na mjukuu wa kiume ni mtu na mumewe, mimi nishazoea kuwa mke mwenza) na mtoto anakula mpaka makombo ilhali chakula cha kawaida huwa hataki. Asikaribie mbuzi ya kukunia nazi, ule ulimi wake unakata. Mchele usimpe achambue, anautia puani.

Kazi ambayo mimi mwenyewe naisimamia ni ya uhamali. Mwaga viazi na vitunguu vizima kwenye kapu, weka sufuria tupu upande wa pili wa chumba, mwambie babu anataka viazi kule. Anabeba kimoja kimoja, tumbo mbele, anatupa kwenye sufuria pwaa, anarudi. Vikiisha unasema aaah, meli imekosea, rudisha. Mimi nimefanya kazi bandarini miaka mingi na sijaona hamali anayefurahia kurudisha mzigo kama huyu. Na hapo hapo anajifunza moja, mbili, kikubwa, kidogo, kizito, bila kitabu. Ongea naye Kiswahili tu, hata kama huko Nairobi wanamsemesha Kizungu na katuni zake zote ni za Kizungu, akisema water wewe sema ehe, maji, umpe. Baada ya siku nne utamsikia mwenyewe.

Sasa matembezi. Sisemi msitoke, nasema mtoke kwa saa za mtoto. Asubuhi kuanzia saa moja mpaka saa nne, basi, rudini nyumbani aoge ale alale, kisha tena jioni saa kumi na nusu. Katikati hapo jua ni lake mwenyewe. Na siku ya kwanza msiende popote, kakaa kwenye treni saa tano na zaidi, hata nyinyi sura zenu bado hajazizoea, ukimng'ang'ania umbusu atakukimbia.

Kwa upande wangu pa kwanza ni Mama Ngina. Unakaa kwenye kivuli cha mibuyu, unangoja meli. Mlango wa bahari wa Likoni ni mwembamba kwa hivyo meli za makontena zinazoingia Kilindini zinapita mbele yako kama nyumba inatembea, mtoto anakuwa mdomo wazi. Mimi namwambia mpungie mkono nahodha, anapunga mpaka meli imepotea. Meli isipokuja kuna feri zinakwenda na kurudi bila kuchoka, na mtoto hamalizi hamu ya kitu kinachokwenda na kurudi. Akitaka kupanda feri yenyewe ni bure kwa watu wa miguu, ila msiende saa za watu wa kazi asubuhi na jioni, utamkanyagisha mtoto, nendeni kama saa tatu na nusu, mbebe, vukeni, kunyweni dafu Likoni, rudini. Dafu ndio vitu viwili kwa pesa moja, maji ananywa, ile nyama laini mnamkwangulia.

Fort Jesus wazee wengi wanapakimbilia na mimi sipaoni kama pa mtoto huyu. Wewe unataka kumweleza Wareno walivyoanza kuijenga mwaka 1593, yeye anatazama mjusi ukutani. Afadhali mzunguke nje, mwingie vichochoro vya Mji wa Kale pole pole asubuhi, mchezo wenu uwe kuhesabu paka. Huko paka hawaishi, barazani, juu ya pikipiki, chini ya mkokoteni. Milango ya kuchonga mpe aipapase na vidole. Na mkibahatika kukutana na muuza kahawa na dele lake, vile anavyogonganisha vikombe kling kling kling, simameni hapo. Wangu alirudi nyumbani akachukua vikombe viwili vya nyanya vya kahawa akafanya vile vile, kimoja kikapasuka, na aliyelaumiwa ni mimi.

Haller Park nendeni siku moja kama mfuko unaruhusu. Zamani ilikuwa machimbo ya kiwanda cha simenti, kazi ya kupanda miti ilianza 1971, na sasa ni msitu mtupu, kwa hivyo kivuli kipo. Twiga wanalishwa kwa saa zake, ulizieni kwanza ndio mpange. Ila mimi nawapendea wale kobe wakubwa, mwendo wao na wa mjukuu ni mmoja, na wa babu pia. Hapo ndipo palikuwa na yule kiboko Owen aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akashikamana na kobe mzee aliyeitwa Mzee, akawa anamfuata kama mamake. Kisa hicho mimi nakigeuza hadithi ya usiku. Nikisema paukwa, yeye anajibu "kawa", hiyo "pa" haijatoka bado.

Ufukweni ndio nilikokosea kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Msitazame kalenda, tazameni maji. Nendeni maji yakiwa yamekupwa asubuhi, yanabaki yale madimbwi ya vuguvugu ya kwenye miamba, visamaki vidogo, kaa wanakimbia ubavu ubavu, mchanga mgumu wa kukimbilia. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo yakikupwa leo saa mbili asubuhi, kesho itakuwa karibu na saa tatu, keshokutwa saa nne kasoro, na hapo jua lishaanza kuuma, tumieni siku za mwanzo. Mvisheni viatu vya kufunga vizuri, kuna vile viumbe vyeusi vya miiba. Kofia, chupa ya maji ya kunywa, na kile kifuu. Msichimbe chimbe mambo mengi, mtafutieni kaa mmoja mwenye shimo lake, kaeni mita mbili, nyamazeni. Kaa anatoa macho, anatazama, anaingia, anatoka na mchanga kwapani, anautupa, anaingia. Nilimkalia kaa mmoja na mjukuu nusu saa na hakuna aliyetaka kuondoka, magoti yangu ndio yaliyotaka.

Kuhusu vyakula vya matembezini, mabuyu na njugu hapana jamani, najua ndio Mombasa yenyewe, lakini zile kokwa zinakwama kooni. Mimi nilitoa moja mdomoni mwa wa pili kwa kidole changu na mpaka leo nikikumbuka moyo unaruka. Zabibu zikateni kwa urefu. Muhogo wa kukaanga mpe ule laini wa kati bila pilipili.

Siku za mvua mna boksi? Boksi la televisheni au la jiko ni matatu, ni nyumba, ni feri. Cheza naye mwajificho, anajificha kichwa tu na mwili wote nje, wewe zunguka chumba ukiuliza yuko wapi huyu, yuko wapi, uliza mpaka acheke ajifichue. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema wa mwaka mmoja asitazame skrini kabisa na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Mimi hiyo saa yake naitumia kumpigia mamake video jioni, na hata hapo anaonyesha sakafu muda mwingi.

Akisinzia katikati ya mchezo muache alale, umri huu anahitaji saa 11 mpaka 14 kwa siku na usingizi wa mchana umo humo. Wewe pia lala, usijidai kuosha vyombo.

Siku ya kumrudisha stesheni ya treni Miritini fikeni mapema, pale mizigo inapangwa chini kwa mstari na mbwa wanapita kunusa, na mtoto atataka kuwatazama mbwa wale mpaka wa mwisho. Kile kifuu chenye tundu kitieni kwenye begi lake. Wangu aligoma kukitia kwenye begi, akapanda treni nacho kichwani kama kofia, na nyanya jioni akaniuliza mbona nazi ya wali sijavunja.