Kutengeneza sensa ya mwanga ya kupima pH ya kidonda sugu

Kidonda sugu, kama cha mguu wa mgonjwa wa kisukari, mara nyingi hutoa majimaji ya alikali, pH 7 hadi 9 hivi. Ngozi nzima iko kwenye 4 hadi 6. Sensa yako ya PhD itasoma tofauti hiyo kwa rangi.

Uamuzi mkubwa ni kiashiria gani utumie, yaani rangi inayobadilika kulingana na pH. Wengi hukimbilia fenoli nyekundu, na hapo ndipo kazi huharibika: ikiwa kwenye alikali hufyonza mwanga karibu na nanomita 560, eneo lile lile inamofyonza himoglobini. Damu kidogo tu ikichanganyika, kidonda kitasomeka kuwa cha alikali kuliko kilivyo. Chukua bromothaimoli bluu, inayofyonza karibu na nanomita 615, ambako damu yenye oksijeni hufyonza kidogo mno. Inafaa kati ya pH 6 na 8. Ikipita hapo andika "zaidi ya 8", usikisie.

Yeyusha gramu 0.1 kwenye mililita 16 za sodiamu haidroksaidi ya 0.01 M, kisha ongeza maji distili mpaka mililita 250. Chovya karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 1, ikaushe kwa nyuzi 40, uitoboe kwa panchi ya ofisi upate vidoa vya milimita 6. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, kwa hiyo vitunze kwenye chupa nyeusi iliyofungwa, yenye silika jeli.

Sensa ya rangi ya TCS34725 na ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta inayoisoma sensa) vitafute kwanza Kariakoo. Sensa hutumia volti 3.3, anwani yake ya I2C (njia ya kuwasiliana na ESP32) ni 0x29; tumia chaneli nyekundu. Zima LED ya kwenye bodi, weka nyeupe nyingine inayomulika kwa digrii 45, maana karatasi iliyolowa hung'aa na mng'ao ule huficha rangi. Funika vyote kwa bomba jeusi.

Kalibresheni ifanye kwa bafa (miyeyusho yenye pH inayojulikana) za fosfeti za pH 6.0, 6.5, 7.0, 7.5 na 8.0, zenye gramu 3 za albumini kwa kila mililita 100, kwa sababu protini huhamisha rangi ya kiashiria. Ukishatia albumini, pima pH upya kwa mita ya pH yenye elektrodi ya kioo. Dondosha maikrolita 4 kwa kidoa (zikizidi hufurika), vidoa vitatu kwa kila bafa. Gawanya usomaji wa karatasi isiyo na kiashiria, *iliyolowa*, kwa ule wa kidoa, kisha chukua logi. Kalibresheni ya chumba chenye kiyoyozi usiipeleke wodini kwenye joto bila kuirudia.

Majimaji halisi hupoteza kaboni dioksaidi hewani na pH hupanda, hivyo funika kidoa papo hapo kwa kioo chembamba cha hadubini, usome ndani ya dakika moja. Kioo hicho kiwepo pia wakati wa kalibresheni. Kidonda kilichopakwa iodini kisipimwe mpaka muuguzi akisafishe na majimaji mapya yatoke. Kidoa kisiguse kidonda: majimaji huchukuliwa kwa pipeti na kupimwa nje ya mwili, baada ya kibali cha maadili cha chuo na cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kinapohitajika.