Laibrari yako ya Java imeiva: ijenge na nini, uiweke wapi

Sema umeandika laibrari ndogo ya Java ya kupanga namba za simu za Kenya, ile ya kugeuza 0712 na 0110 zote zianze na 254, na unataka mtu yeyote aitumie bure. Kabla ubishane Maven ama Gradle, zile zana za kujenga mradi wa Java, jiulize kwanza nani ataivuta. Mimi humfikiria kijana hapa Kondele anajifunzia kwa laptopu ya kuazima na hotspoti ya simu, bando ikiisha kazi imeisha, kwa hivyo punguza laibrari zingine unazotegemea juu kila moja unayoongeza yeye pia ataivuta, na zile nazo zina zao nyuma.

Zana sasa. Kwa Java tupu nachukua Maven. Ile pom.xml, faili ya mipangilio ya mradi, ni ndefu, ni kweli, lakini ukiifungua miaka mitano baadaye bado unaielewa, halafu Sonatype wanaoendesha Maven Central, lile ghala la wazi la laibrari za Java, wako na plagini yao wenyewe ya kupandisha, wakati kwa Gradle utatumia plagini za jamii. Kama ni ya Android ama hatua za kujenga ni nyingi, hapo sawa, Gradle. Yoyote ile, weka mvnw ama gradlew, skripti inayovuta toleo sahihi la zana yenyewe, ndani ya mradi ili anayekuja kusaidia asianze kuhangaika na matoleo.

Pa kuweka ndio pa kufikiria sana. Wengi walikuwa wanapenda ghala la JCenter kwa sababu lilikuwa rahisi, halafu Februari 2021 JFrog waliokuwa wanaliendesha wakatangaza wanaifunga na miradi mingi ikabidi ihame. JitPack inajenga moja kwa moja kutoka GitHub, poa kwa majaribio, lakini mtumiaji lazima aongeze anwani yake kwa bildi. GitHub Packages, ghala la GitHub wenyewe, inamdai tokeni, yaani ufunguo wa siri wa akaunti, hata kama kifurushi ni cha wazi, na huyo kijana wetu hapo atachoka mapema. Maven Central haimuulizi kitu, Maven inaijua tayari, anaongeza mistari michache ya dependensi basi. Weka huko.

Ingia central.sonatype.com na akaunti ya GitHub, utapata io.github na jina lako bila shida, ama kama una domeini yako uthibitishe kwa rekodi ya TXT. Utahitaji jar yenyewe (faili ya laibrari iliyojengwa), jar ya msimbo, jar ya Javadoc ambayo ni maelezo ya msimbo, zote zisainiwe na GPG, zana ya sahihi za kidijitali, na ufunguo wa wazi uuweke kwa sava ya funguo, na kwa pom jina, maelezo, url, leseni, wasanidi na scm, yaani mahali msimbo unakaa, visikose. Ukikuta maelekezo yanakutuma OSSRH, njia ya zamani ya Sonatype ya kupandisha, achana nayo, ilifungwa 30 Juni 2025.

Na toleo likishaingia halifutwi wala halibadilishwi, hili nalisema kwa uchungu kwa sababu 1.0.1 yangu niliipandisha usiku kwa haraka, stima inapotea inarudi, kumbe namba za 01 zinatoka tupu. Nikatoa 1.0.2, lakini ile mbovu bado iko pale na mtu anaweza kuichukua. Kwa hivyo usiwashe ile mipangilio ya kujichapisha yenyewe, portali ikishakagua faili itakungoja, na wewe piga mvn install, iiweke laibrari kwa mashine yako, tengeneza mradi mdogo pembeni, ujaribu 07, 01 na +254, zikitoka sawa ndio ubonyeze kuchapisha.