Somo: Ukiambiwa Land Rover ya zamani "imefufuliwa", anza kukagua chini

Neno "imefufuliwa" likiandikwa kwenye kioo cha Land Rover ya zamani, bei inapanda kwa mamilioni. Mimi nililiamini. Nilinunua Series III (toleo la tatu la Land Rover za zamani) ya 109, ile ndefu, kwenye yadi moja hapa Dodoma: rangi mpya ya kijani, viti vipya, tairi mpya. Mvua za kwanza, njiani kwenda Mpwapwa, sehemu ya chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari zima) inayoshika springi ya nyuma ikachanika kama boksi lililoloa. Mama yangu alikuwa kiti cha mbele. Tangu siku ile sinunui, wala simshauri mtu anunue, kabla sijalala chini ya gari.

Hatua ya 1: Geuza neno liwe maswali

Kupiga rangi, kutengeneza na kufufua ni kazi tatu tofauti, ila yadini zote zinaitwa jina moja. Uliza: bodi ilivuliwa kwenye chesisi au haikuvuliwa? Nani alichomelea, na wapi? Silinda za injini zilichongwa kupanuliwa kwa saizi gani? Risiti za spea ziko wapi? Picha za gari likiwa limefumuliwa? Kazi ya kufufua gari huchukua miezi, na fundi aliyeifanya kwa mikono yake huwa na picha kwenye simu. Andika majibu hapo hapo, muuzaji akikuona. Utayahitaji kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Namba

Shika kadi ya gari mkononi. Namba ya chesisi ya Series III imegongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Namba ya injini ya petroli ya lita 2.25 iko kushoto mwa bloku, mbele, karibu na manifoldi ya moshi. Zisome zote mbili kwa macho yako, usisomewe. Ukiona alama za jiwe la kusagia, au tarakimu zimekaa upande, simama hapo hapo.

Kuhusu umri: Series III zilitengenezwa 1971 hadi 1985, na geji zake ziko mbele ya dereva. Series II na IIA geji ziko katikati ya dashibodi. Usihukumu kwa grili ya mbele, hiyo hubadilishwa kabla chai haijapoa.

Hatua ya 3: Lala chini

Hapa ndipo penye gari. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo inaweza kung'aa miaka hamsini huku chesisi imeliwa. Chesisi ni chuma cha boksi, na kutu huanzia ndani, mahali usipopaona. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao huliwa, hasa kwenye sakafu ya miguu na nguzo za milango.

Beba nyundo ndogo, tochi, bisibisi na waya. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza, au kilichofunikwa kwa puti, kinatoa sauti iliyokufa. Kaa zaidi kwenye mashikio ya springi na boriti ya nyuma kabisa. Ingiza waya kwenye matundu ya kutolea maji, uzungushe. Yakidondoka magamba mekundu, umeshajibiwa.

Ukikuta chini kumepakwa rangi nzito nyeusi ya lami, mbichi, omba ruhusa ukwangue eneo la kidole gumba. Rangi hiyo inalinda chuma kizima vizuri sana, na inaficha kilichooza vizuri vilevile. Yangu ilikuwa imepakwa. Chini yake kulikuwa na vipande vya bati vilivyochomelewa juu ya kutu, bila kuondoa kutu.

Tazama pia pale aluminiamu inapokutana na chuma. Unga mweupe maana yake unyevu umekaa hapo na aluminiamu inaliwa.

Hatua ya 4: Injini

Fika asubuhi, uguse bloku. Iwe baridi. Injini ikipashwa moto kabla hujafika, inaficha ugonjwa wake wa kuwaka.

Akisema imefanyiwa ovaholi, fundi wako apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda: injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho. Silinda ya chini kabisa isipungue zaidi ya asilimia 15 hivi kutoka ile ya juu kabisa. Palipo chini, tia kijiko cha oili upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, angalia valvu. Saizi ya kuchonga nayo huacha ushahidi. Pistoni za saizi ya juu huwa zimegongwa 020 au 040 (elfu za inchi zilizoongezwa), na boksi zake fundi makini hazitupi.

Viti na redio, usipoteze muda.

Hatua ya 5: Mkataba

Yale majibu uliyoandika yaingie kwenye mkataba, sentensi kwa sentensi, kabla hela haijatoka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Mimi nilikuwa na risiti iliyoandika "Land Rover moja", basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kibaigwa: Shikamoo mzee wangu. Muuzaji anasema gari limekaa Dodoma tu, huku ni kukavu, haliwezi kuwa na kutu.

Jibu: Marahaba. Ukavu unasaidia kweli. Lakini muulize athibitishe lilikolala miaka yote. Gari lililofanya kazi Tanga limekuja na chumvi yake ndani ya chesisi. Na vumbi letu likijaa mle, mvua zikianza Desemba linashika maji.

Mwanachama, Nkuhungu: Sumaku je? Nimesikia inagundua puti.

Jibu: Kwa Land Cruiser BJ40, ndiyo, bodi yake ni chuma, isiponasa, pana puti nene. Bodi ya Land Rover sumaku hainasi hata ikiwa nzima, usije ukamshutumu mtu bure. Itumie kwenye ule ukuta na chesisi.

Mwanachama, Area D: Kaka yangu yuko Marekani, ameoneshwa Pontiac GTO ya 1965, "namba zote zinalingana". Ni yaleyale?

Jibu: Yaleyale, na hela ni kubwa zaidi. GTO ya 1964 na 1965 ilikuwa Tempest au LeMans, Pontiac za kawaida, iliyoongezewa vifaa, na namba ya gari haisemi kama ni GTO. Kuanzia 1966 ndipo namba inaanza na 242. Kwa hiyo ya 1965 aombe hati za kiwandani, maana LeMans nyingi zimevalishwa jina. Na namba ya injini hugongwa upya. Aangalie kama uso wa bloku pale penye namba umesagwa.

Mwanachama, Kisasa: Muuzaji amekataa nisikwangue, anasema nitaharibu rangi. Nimeshatoa laki tano ya kishika nafasi.

Jibu: Dada, omba laki tano yako leo, kwa maandishi. Kidole gumba cha rangi hufunikwa kwa brashi dakika moja.

Mwanachama, Chamwino: Lako liliishia wapi?

Jibu: Liko gereji Chang'ombe. Tumekata nyuma yote, chuma kipya kimeingia, upande wa kulia bado. Mama anataka kwanza aone picha.