Kabla ya kuruka kwa paraglaida katika Alpi, tazama mgandamizo wa hewa

Anayekusudia kuruka na rubani kwa paraglaida, yaani mwavuli wa kuelea angani, kutoka Beatenberg, juu ya Interlaken nchini Uswisi, asiridhike na anga safi wala utulivu wa pale mlimani, kwa kuwa upepo wa Föhn, unaovuka Alpi kutoka kusini na kushuka kwa kasi katika mabonde ya kaskazini, mara nyingi huja na hali hiyohiyo ya kupendeza. Linganisha kwanza mgandamizo wa hewa wa Lugano, kusini mwa Alpi, na ule wa Zurich, kaskazini: tofauti inapofikia takriban hektopaskali 4, Lugano ikiwa juu, marubani wengi huahirisha safari, na kwa maoni yangu hata 3 zinatosha kumzuia mgeni. Mawingu yenye umbo la lenzi juu ya vilele ni onyo jingine.

Siku za kiangazi zisizo na Föhn, afadhali kuruka asubuhi, kwani alasiri upepo wa bondeni huongezeka kadiri miteremko inavyopata joto, na hapo kutua kunaweza kuwa kugumu kuliko kupaa. Rubani wako akisita, usimshawishi, hata kama nauli ya kupanda mlimani imeshalipwa.